Robine inaporudi: namna ya kulinda maji ya nyumba wakati tunapoombwa kuyachemsha



Katika miji yetu ya mashariki, maji ya robine huondoka bila kuaga na hurudi usiku wa manane, wakati mama wa nyumba anaamka haraka kujaza mabidoni kabla hayajakatika tena. Kila mtu hufurahi. Mabidoni yanajaa, sufuria zinajaa, na asubuhi watoto wanakunywa. Makala hii inataka kusema jambo moja kuhusu maji hayo ya usiku: ndiyo yanayotaka uangalifu kuliko yote.

Katika inchi nyingi, bomba kubwa likipasuka ama kituo cha kusafisha maji kikiharibika, wenye kugawa maji hutoa tangazo: chemsheni maji kabla ya kunywa, mpaka tutakapowaambia tena. Kwetu pia tangazo kama hilo hupita mara kwa mara, kwa radio, kwa megafone ya mjumbe wa afya, ama linasomwa kanisani pamoja na matangazo mengine, kati ya mazoezi ya kwaya na mchango wa ujenzi. Lakini mara nyingi halipiti kabisa. Maji yanakatika siku tatu, yanarudi, na hakuna aliyesema neno. Kwa hiyo shauri letu ni hili: usingoje tangazo. Kila mara maji yaliyokatika yanaporudi, hesabu kwamba tangazo limekwisha kutolewa.

Bomba tupu halikai tupu

Watu wengi wanafikiri: maji yametoka kwenye kituo yakiwa na dawa, yatafika kwangu yakiwa na dawa. Ni kweli kama bomba limejaa na maji yanasukumwa kwa nguvu. Wakati huo, hata kama bomba lina tundu, maji hutoka nje. Uchafu hauwezi kuingia kwa sababu nguvu ya maji inauzuia. Ndiyo maana unaona barabara inalowa pahali bomba limepasuka.

Maji yakikatika, mambo yanageuka. Maji yaliyobaki yanateremka kuelekea pahali pa chini, na nyuma yao bomba linavuta, kama mtoto anayevuta soda kwa mrija. Tundu lile lililokuwa linatoa maji sasa linaingiza. Linaingiza nini? Linaingiza kilicho karibu nalo: maji ya mvua yaliyotuama, maji ya mfereji, maji yanayotoka kwenye vyoo. Goma yote imejengwa juu ya mawe ya volkano, kuchimba ni kazi ngumu, na mabomba mengi yanapita juu ya mawe, pahali watu na magari wanayakanyaga, tena vyoo haviwezi kuchimbwa chini sana. Bukavu kuna milima na udongo unaoteremka na mvua, na bomba linavunjika pamoja na udongo. Sababu ni tofauti, lakini mwisho ni mmoja.

Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya kukatika ni yale yaliyofagia bomba. Dawa kidogo iliyokuwa ndani yao inakwisha kwa kupambana na uchafu huo, na yanafika nyumbani bila ulinzi. Wakati mwingine yana rangi ya udongo na kila mtu anaogopa. Hatari kubwa zaidi ni siku yanapofika yakiwa meupe na baridi, maana kijidudu cha kolera hakionekani kwa macho wala hakina harufu.

Uvira ilitufundisha

Hayo si maneno ya vitabuni tu. Mji wa Uvira unapata maji yake ya robine kutoka mto Mulongwe, na kwa muda mrefu umekuwa na kolera mwaka baada ya mwaka. Watafiti walichukua hesabu ya maji yaliyotoka kila siku kwenye kituo cha Regideso, wakaiweka kando ya hesabu ya wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha kutunza kolera, tangu 2009 mpaka 2014. Waliona kwamba baada ya siku bila maji ya robine, wagonjwa katika siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa wakati maji yanatoka vizuri. Karibu mgonjwa mmoja kwa wanne aliletwa kituoni kwa sababu ya maji kupunguka ama kukatika.

Kuna jambo lingine katika kazi hiyo ambalo watu hawalitazamii. Kartie zilizozoea sana maji ya robine zilikuwa na wagonjwa wachache kwa kawaida, lakini maji yalipokatika ndizo zilizopigwa zaidi. Tunaweza kufahamu kwa nini. Mtu aliyezoea kuteka mtoni ama ziwani anajua maji yake si mazuri, na pengine ana njia yake ya kujilinda. Mtu wa robine hana. Siku robine inapokauka anatuma watoto na bidoni ziwani, na anakunywa kama alivyozoea kunywa.

Goma imeyapitia hayo zaidi ya mara moja. Tarehe 22 Mai 2021 volkano Nyiragongo ililipuka, na moto wake uliharibu tanki na mabomba makubwa. Watu wapatao nusu milioni walibaki bila maji. Mwezi wa Januari 2025, wakati wa vita mjini, umeme ulikatika, pompi zikasimama, na familia zikateremka ziwani na mabidoni. Na wazee wetu hawajasahau 1994, wakati wakimbizi walipojaa kandokando ya Goma na kolera na magonjwa mengine ya kuhara yakaua makumi ya maelfu ya watu kwa majuma machache.

Kuchemsha

Tuanze na moto, maana ndiyo njia ambayo kila nyumba inaijua, na ndiyo njia inayoua vijidudu vya kila aina: vya kolera, vya tifoidi, vya amiba, vyote. Hata hivyo kuna namna ya kuchemsha, na kuna namna ya kupasha moto tu.

Mapovu madogo yanayoshika chini ya sufuria si kuchemka. Mvuke si kuchemka. Maji yamechemka wakati mapovu makubwa yanapanda kutoka chini na kugeuza maji yote, hata ukikoroga hayatulii. Kuanzia hapo hesabu dakika moja kamili, kiisha utoe. Kwa wale wanaokaa pahali pa juu, kupita metre 2.000, kama kwenye milima ya Minembwe ama sehemu za juu za Lubero, mhesabu dakika tatu. Sababu yake ni kwamba kadiri unavyopanda mlima, maji yanachemka yakiwa na moto mdogo zaidi. Kando ya bahari yanachemka kwa digri 100. Goma na Bukavu, kwenye metre karibu 1.500, yanachemka karibu na digri 95. Zinatosha kabisa kuua vijidudu, lakini kwa milima ya juu zaidi inafaa kuwapa muda.

Hakuna faida ya kuchemsha dakika ishirini. Tunalisema kwa sababu ya makala. Gunia la makala ni feza nyingi, na mama anayeambiwa achemshe maji nusu saa atachemsha siku mbili, siku ya tatu ataacha. Dakika moja ya kuchemka kweli, kila siku, ni bora kuliko nusu saa mara moja kwa juma.

Tena si maji yote yanayohitaji kuchemshwa mbele. Maji ya kupika maharagwe yatachemka pamoja na maharagwe. Maji ya sombe, ya viazi, ya mchele, ya bugali, yote yanachemka kwenye sufuria ya chakula. Maji ya kufua nguo na ya kupiga deki yanaweza kubaki kama yalivyo. Kinachobaki ni maji ya kunywa, ya kusukutua meno, ya kumpa mgonjwa dawa, ya kuosha matunda na mboga zinazoliwa bila kupikwa, na ya kuchanganyia maziwa ya unga. Kwa nyumba ya watu sita, hayo ni sufuria moja kubwa ama mbili kwa siku. Wamama wengi wanachemsha jioni, chakula kinapotoka, wakati mbabula bado ina moto. Ni vizuri, mradi moto huo ufikishe maji kwenye mapovu makubwa. Ukiona umezimika njiani, ongeza makala.

Kisha yaache yapoe ndani ya sufuria ileile, ikifunikwa. Hapa ndipo kazi nyingi inaharibika. Maji yamechemka vizuri, mtoto ana kiu, mtu anaongeza gobele moja ya maji mabichi ili yapoe haraka. Hapo umerudi pale ulipoanza. Wengine wanayahamisha kwenye bidoni ambalo jana lilibeba maji ya ziwani na halikuoshwa. Maji yaliyochemshwa hayana kitu ndani yao cha kuyalinda. Moto ukiondoka, ulinzi umeondoka nao. Kijidudu kimoja kinachoingia kwa kidole hakipati wa kukizuia. Ndiyo maana tunashauri yanywewe siku ileile ama kesho yake, na kesho uchemshe mengine.

Dawa ya klorini

Klorini inafanya kitu ambacho moto haufanyi: inabaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda. Kwa nyumba zinazobeba maji mengi, ama zisizo na makala ya kutosha, ni njia nzuri sana. Kuna vidonge vinavyouzwa katika maduka ya dawa na vinavyogawiwa na wajumbe wa afya wakati wa kolera. Jambo la kuangalia ni moja: vidonge haviko sawa. Kingine kimepimwa kwa bidoni la litre 20, kingine kwa litre chache tu. Kimoja kwa ajili ya litre 20 ukikitia kwenye chupa ya litre moja, umeharibu maji. Kidonge kidogo ukikitia kwenye bidoni, hakijafanya kazi. Soma paketi, na kama huwezi kusoma kifaransa kilichoandikwa pale, mpe kijana wa shule akusomee. Kiisha tikisa bidoni, ulifunge, ungoje dakika 30 kabla ya mtu kunywa.

Javeli pia inafaa, kama hakuna kidonge. Lakini iwe javeli tupu: isiyo na manukato, isiyo na rangi, isiyo na povu la sabuni, na chupa yake iwe imeandikwa nguvu yake. Javeli ya asilimia 5, kwa maji meupe, unatia matone mawili kwa kila litre. Kwa bidoni la litre 20 ni matone 40, yaani millilitre 2. Sindano ndogo bila shindano lake, inayonunuliwa mpya kwenye duka la dawa, inapima vizuri kuliko kifuniko cha chupa. Kama chupa imeandikwa asilimia 2,6, tia mara mbili. Kama haikuandikwa kitu, kama zile zinazojazwa sokoni kutoka ngunguru kubwa, iache ifanye kazi ya choo na sakafu. Hakuna anayejua ndani kuna nini. Na javeli iliyokaa juani ama iliyofunguliwa miezi mingi iliyopita imekwisha kupoteza nguvu.

Wengine wanalalamika kwa harufu. Harufu ndogo ya klorini baada ya nusu saa ni dalili njema: inaonyesha dawa imemaliza kazi na nyingine imebaki kuwalinda. Ukiona haina harufu hata kidogo, pengine uchafu umeila yote. Kwa watoto wanaoikataa, weka maji hayo kwenye jagi safi lililofunikwa kwa masaa machache, harufu itapungua. Kuna pia uvumi kwamba dawa hiyo inazuia watu kuzaa. Klorini ndiyo hiyohiyo ambayo Regideso inatia kwenye maji ya mji, na familia zetu hazijapunguka.

Maji ya ziwa na maji ya matope

Dawa haipendi matope. Klorini ikiingia kwenye maji machafu inashughulika na udongo na majani, inakwisha kabla ya kufika kwa vijidudu. Kwa hiyo maji ya rangi yaanze kutulia. Yaache usiku mzima, asubuhi uyamimine polepole, uache uchafu chini. Kiisha uyapitishe kwenye kitambaa cha pamba. Kikwembe cha zamani kilichofuliwa mara nyingi ni kizuri kuliko kipya, maana nyuzi zake zimelegea na zimesongana. Huko Bangladeshi, wamama wa vijiji walifundishwa kukunja sari ya zamani mara kadhaa, mpaka tabaka nane, na kuitumia kuchuja maji. Kolera katika vijiji hivyo ilipungua karibu nusu. Hii ni kwa sababu kijidudu cha kolera kinapenda kujishikiza kwenye viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, na viumbe hivyo vinashikwa na kitambaa. Kitambaa peke yake hakitoshi, lakini mbele ya dawa ni msaada mkubwa. Kifuliwe na kuanikwa juani kila mara.

Maji ya ziwa Kivu yana jambo lake. Kwa macho ni masafi, lakini yana asili ya magadi, na katika maji ya namna hiyo klorini inafanya kazi polepole zaidi. Ukiweka dawa kwenye maji ya ziwa, usihesabu dakika 30. Ngoja saa nzima. Wale wanaopita kwenye vituo vya klorini kando ya ziwa, pahali mtu mwenye sindano anatia dawa ndani ya bidoni lako, wasikimbie kumimina kwenye gobele mara wanapofika nyumbani. Safari ya kupanda na bidoni pengine ni dakika 20, na dawa bado iko kazini.

Kuna pia njia ya jua, kwa nyumba isiyo na makala wala dawa. Chukua chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi litre mbili, ambazo hazikukwaruzwa, ujaze maji meupe, uzilaze juu ya bati tangu asubuhi. Masaa sita ya jua kali yanatosha. Siku ikiwa na mawingu mengi, ziache siku mbili. Siku ya mvua usizihesabu.

Na kuna kitu ambacho hakuna moto wala klorini inayokiondoa. Bidoni lililowahi kubeba petroli ama dawa ya shamba lisibebe maji ya kunywa hata siku moja, kuchemsha hakutasaidia. Vilevile kwa ndugu wanaokaa karibu na volkano: moshi na majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira huingiza fluori katika maji ya mvua, na hiyo ndiyo moja ya sababu meno ya watoto wengi wa pande zile yana madoa ya kahawia. Ukichemsha maji hayo, mvuke unaondoka na fluori inabaki. Majivu yakianguka, geuza mfereji wa bati usiingie tankini, uache mvua ioshe bati kwanza.

Bidoni, gobele na mkono

Mara nyingi maji yanafika nyumbani yakiwa mazuri na yanaharibika ndani ya nyumba. Njia ni ileile: ndoo wazi, gobele moja, mikono mingi. Mtoto anatoka kucheza, anachovya gobele pamoja na vidole vinne. Hapo kazi yote ya asubuhi imekwisha.

Chombo cha maji ya kunywa kiwe na mdomo mwembamba na kifuniko. Bidoni la kawaida la litre 20 ni zuri, maana mkono hauingii. Lakini kwa sababu mkono hauingii, halioshwi vema, na ndani yake kunaota utelezi wa kijani. Tia kokoto ndogo safi, sabuni ya unga na maji kidogo, ulifunge, ulitikise kwa nguvu mpaka utelezi utoke, ulisuuze mara mbili tatu, na mwisho ulisuuze kwa maji yenye klorini. Mara moja kwa juma inatosha. Mwenye uwezo anunue ndoo yenye kifuniko na robine ndogo chini. Asiye na uwezo amimine kutoka kwenye bidoni bila kuchovya chochote. Liandikwe KUNYWA kwa rangi, lisitumiwe kwa kazi nyingine, na liwekwe juu ya meza ama ya tofali, mbali na kuku na mtoto anayetambaa.

Wale wanaonunua maji kwa wachuuzi wa chukudu wanajua jibu lao: kila bidoni ni "ya robine". Hatuwahukumu, ni kazi ngumu inayolisha familia nyingi. Lakini lihesabu kama la ziwani na ulitendee dawa.

Mtoto chini ya miezi sita hahitaji maji yoyote, hata yaliyochemshwa, hata siku ya joto. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Katika wakati wa kolera, shauri hilo linaokoa watoto kuliko vidonge vyote.

Kanisani na kwenye kilio

Jambo la maji haliishi mlangoni pa nyumba. Siku ya ibada kubwa tunakutana mamia ya watu, na nyuma ya kanisa kuna bidoni moja na gobele moja inayopita kutoka kwa mwanakwaya mpaka kwa mtoto wa shule ya jumapili. Kamati ya wamama inaweza kubadilisha hilo kwa feza kidogo: chombo chenye robine, maji yaliyotendewa jana jioni, na kila mtoto aje na kikombe chake. Vikombe vya Meza ya Bwana vioshwe na kusuuzwa kwa maji ya kunywa, si kwa maji yoyote yaliyopatikana, na vikauke bila kupanguswa kwa kitambaa kimoja.

Bakuli la kunawia ni jambo ambalo tunalikaza. Kwenye karamu na kilio, bakuli moja la maji linapita, watu thelathini wanachovya mikono, kiisha wanakula bugali kwa vidole. Wa kwanza amenawa. Wa thelathini amejipaka. Mtu mmoja asimame na bidoni ama birika amimine maji juu ya mikono ya kila mtu, na sabuni iwepo. Heshima kwa wageni haipunguki.

Ikiwa aliyekufa ameuawa na kolera, familia isimwoshe wala kumgusa. Iite watu wa kituo cha afya, wanajua namna ya kumtengeneza kwa heshima na bila hatari. Na waliomtunza mgonjwa wasipikie wageni. Tunajua ni vigumu kusema hivyo kwa mama mwenye uchungu. Mchungaji na mashemasi waliseme mapema, siku ambayo hakuna kilio, ili lisionekane kama tukano.

Mtu akianza kuhara

Kuhara kama maji ya mchele, mara nyingi, pengine na kutapika: usingoje asubuhi. Kolera inaweza kumaliza mtu mzima kwa masaa machache, lakini mgonjwa anayefika mapema kwenye kituo karibu kila mara anapona. Njiani mpe maji ya sukari na chumvi, gobele kwa gobele, hata kama anatapika; ngoja kidogo, uendelee. Kama paketi ya chumvi za dawa haipo, chukua litre moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari, bila kujaza kupita ukingo, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Usiongeze chumvi ukidhani itasaidia zaidi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mwenye kutunza anawe mikono kwa sabuni kila mara, na nguo za mgonjwa zisifuliwe ziwani wala mtoni.

Maji yanapotulia tena

Wenye maji wakitangaza kwamba kazi imekwisha, ama robine ikitoa siku baada ya siku bila kukatika, bado kuna kazi ndogo. Fungua robine uache maji yapite mpaka yawe meupe, kiisha dakika chache zaidi. Yachukue kwa choo na kwa kupiga deki, yasipotee bure. Mwenye tanki alimwage, alisugue, alisuuze kwa klorini kabla ya kulijaza upya. Barafu iliyotengenezwa wakati ule itupwe, hata zile za kuuza kwa watoto. Kichujio cha nyumba kioshwe ama kibadilishwe. Mabidoni yote yapite kwenye kokoto na sabuni. Vidonge vilivyobaki visigawiwe kwa majirani vikaisha; viwekwe pahali pakavu, mbali na watoto, maana mvua inayofuata itavunja bomba lingine.